Kijana wa programu, kilo za mkulima zisipotelee kwenye faili: anza na rejista

KAMA unasomea kompyuta pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, au uko Chuo Kikuu cha Embu, au hata hukukanyaga chuo na ulijifunzia Python kwa simu usiku wakati bando ni ya bei nafuu, kuna kazi moja ambayo itakujia tu. Chama cha ushirika cha kahawa, Sacco ya matatu ama kikundi cha akina mama wanaouza maziwa watakuita na kukwambia: "Wewe ndiye wa kompyuta. Tuwekee hizi rekodi kwa mfumo."

Pesa si nyingi, lakini ni pesa. Na kazi yenyewe inaonekana rahisi. Unakubali.

Kisha faili zinaanza kuingia. Karani wa kiwanda cha kwanza anakutumia Excel. Wa pili pia ana Excel, lakini ni ile ya zamani yenye mkia wa .xls. Wa tatu anakurushia CSV kwa WhatsApp. Mwenyekiti ana ripoti ya mwaka jana kwa PDF. Soroveya aliyepima mashamba analeta ramani kwa flashi, faili nne zenye jina moja na mikia tofauti. Halafu kuna kijana mwenzako aliyezunguka vijijini akisajili wanachama kwa fomu ya simu, na yake inatoka KoboToolbox.

Hapa ndipo wengi hujichimbia shimo. Kila faili mpya ikija, wanaongeza mistari michache: kama ni hii fanya hivi, kama ni ile fanya vile. Ukurasa wa malipo unasoma Excel kwa njia yake, ukurasa wa ripoti kwa njia nyingine. Ukirekebisha kosa huku, kule limebaki. Baada ya miezi mitatu hata wewe mwenyewe hujui ni ukurasa upi unaosema ukweli.

Kuna kitu kidogo cha kujenga kabla ya hayo yote. Kinaitwa rejista ya fomati, na usipokijenga, atakayeumia kwanza si wewe. Ni mkulima.

Kilo zinazohama msimu

Tuanze na tarehe. Mwaka wa kahawa nchini Kenya huanza Oktoba 1 na kuisha Septemba 30. Chukulia mkulima wa Runyenjes amepeleka kilo 80 kiwandani, na karani akaandika 09/10/2024. Kwetu sisi hiyo ni Oktoba 9, msimu mpya umeanza. Lakini kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani husoma mwezi kwanza. Kwayo, hiyo ni Septemba 10. Kilo 80 zimeruka zikarudi msimu uliopita, ambao pengine hesabu yake imeshafungwa na watu wakalipwa.

Hakuna aliyeiba, na kompyuta haikulalamika. Lakini siku mkulima akija na risiti yake, risiti inasema hivi na mfumo wako unasema vile. Nani ataonekana mwizi? Karani. Na baada ya karani, wewe.

Kwenye majani chai mtego ni ule ule. Mwaka wa hesabu wa KTDA huisha Juni 30. Sasa niambie, 06/07 ni Julai 6, mwaka mpya, au ni Juni 7, mwaka unaoisha? Bonasi ya mtu iko katikati ya swali hilo.

Na inazidi kuwa noma. Tarehe kama 25/10/2024 haiwezi kugeuzwa kwa sababu hakuna mwezi wa 25, kwa hivyo Excel ya mtindo wa Kimarekani huiacha kama maandishi tu. Unabaki na safu moja ambayo tarehe zake za siku ya 1 hadi 12 zimegeuzwa, na za 13 kuendelea hazihesabiki kabisa.

Haya, namba sasa. Mwanachama nambari 0457 akipita kwenye Excel bila uangalifu anakuwa 457. Simu yake inayoanza na 07 inabaki na 7 peke yake mbele. Ukijaribu kulinganisha orodha ya kilo na orodha ya malipo, jina lake halipati mwenzake. Orodha inasema hayuko, ilhali yuko pale nje kwenye foleni.

Na majina je? Kiembu, Kigikuyu na lugha nyingi za eneo hili zinataka alama juu ya i na u. Njĩrũ si Njiru, na ukitaka kuandika Kĩrĩnyaga sawasawa lazima uwe na ĩ. Faili ikihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, kila moja ya herufi hizo huchukua baiti mbili. Programu ikiisoma faili hiyo kwa usimbaji wa zamani wa Windows, kila baiti inageuka herufi yake, na Njĩrũ anatokea kama NjÄ©rÅ©. Kwa Kimeru utakuta pia wanaoandika î na û za kofia badala ya ĩ na ũ, kwa hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu katika faili tatu.

Usidhani ni shida za mashambani. Oktoba 2020, shirika la afya ya umma la Uingereza lilikiri kwamba visa 15,841 vya Covid-19 havikuwa vimeingizwa katika hesabu za kila siku. Chanzo? Data ilikuwa ikipitishwa kwenye faili ya .xls, fomati ambayo haibebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa kimyakimya, na kazi ya kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa ikachelewa. Fomati mpya ya .xlsx hubeba mistari 1,048,576. Tofauti ilikuwa herufi moja mwishoni mwa jina la faili.

Rejista ni kama steji

Ukifika steji ya Meru mjini ukitaka kwenda Maua, hukagui injini ya kila matatu. Unasema "Maua," na kuna mtu pale anayejua gari lipi linaenda wapi. Kesho likiongezwa gari la kwenda mahali papya, wewe abiria hubadilishi chochote. Orodha ya steji ndiyo inayoongezeka.

Rejista ya fomati ndiyo steji hiyo ndani ya programu yako. Ni jedwali moja tu. Kila fomati ina mstari wake, na kwenye mstari kuna nafasi tatu. Ya kwanza ni kitambuzi: kipande cha programu kinachoangalia faili na kujibu, "Hii ni yangu" au "Si yangu." Ya pili ni kisomaji, kinachoitoa data ndani ya faili. Ya tatu ni kiandishi, kinachoirudisha data kwenye faili. Kurasa nyingine zote za programu haziijui Excel wala CSV. Zinasema tu "soma hii" au "andika hii," na rejista inamtafuta mwenye kazi.

Wazo hili limejaribiwa. Astropy, maktaba ya Python inayotumiwa na wanaastronomia, imejengwa hivyo: unasajili kisomaji, unasajili kiandishi, unasajili kitambuzi, kila kimoja kivyake. GDAL, iliyoanzishwa mwaka wa 1998, hufanya hivyo kwa data ya ramani. Kama umewahi kufungua ramani ya mashamba kwa QGIS, ulikuwa ukiitumia GDAL bila kujua. Ina orodha ndefu ya fomati, na kwa kila fomati inajua kama inaweza kuisoma tu au kuiandika pia.

Mambo ya kuamua mapema

Kuandika jedwali lenyewe ni kazi ya jioni moja. Ugumu uko kwenye maamuzi. Haya ndiyo makubwa.

Tenganisha kusoma na kuandika. Gari linalokupeleka Maua asubuhi si lazima likurudishe usiku. Vivyo hivyo, programu yako inaweza kuandika ripoti safi ya PDF kwa mkutano mkuu, lakini kutoa jedwali ndani ya PDF ni vita vingine kabisa. Ile .xls ya zamani, isome kwa sababu makarani bado wanayo, lakini usiiandike tena. Kwenye rejista, nafasi ya kiandishi ikiwa tupu, iache tupu. Programu iseme wazi: "Fomati hii nasoma tu."

Usiamini mkia wa jina. Mtu yeyote anaweza kubadilisha jina la faili. Mifumo mingine hata hutoa jedwali la ukurasa wa wavuti na kulipa mkia wa .xls. Angalia baiti za kwanza. PDF huanza na %PDF. Excel ya zamani huanza na D0 CF 11 E0. Excel mpya huanza na herufi PK, kwa sababu kwa kweli ni faili ya ZIP iliyovaa jina lingine. Lakini kuwa macho: hati za Word za .docx pia ni ZIP, kwa hivyo PK peke yake haitoshi, ni lazima kitambuzi kichungulie ndani. CSV nayo haina alama yoyote ya utambulisho. Ni maandishi tu. Kwa hiyo kitambuzi cha CSV kiwe cha mwisho kuulizwa, na kikikisia, kimwambie mtumiaji kwamba kimekisia.

Amua watakavyogombana. Itatokea siku vitambuzi viwili vitasema "hii ni yangu." Kishawishi ni kumchukua wa kwanza kwenye orodha na kuendelea. Usifanye hivyo. Astropy ikikuta fomati mbili zinazodai faili moja, husimama na kusema utambulisho haueleweki, kisha hutaja waliogombana. Isipopata hata moja, husimama pia. Na ukijaribu kusajili kisomaji kipya juu ya kingine cha jina lilo hilo, hukataa mpaka uilazimishe kwa makusudi. Mtumiaji atanung'unika programu ikisimama, lakini ni afadhali anung'unike leo kuliko malipo yapotee mwezi ujao.

Wote washuke kituo kimoja. Visomaji vyote virudishe data kwa umbo moja la kati. Nambari ya mwanachama ni maandishi, si hesabu, hata kama inaundwa na tarakimu. Simu ni maandishi. Kilo ni namba yenye desimali. Tarehe ni mwaka, mwezi, siku: 2024-10-09. Hapo hakuna wa kubishana. Faida nyingine ni ya jasho lako. Ukiwa na fomati sita za kusoma na tano za kuandika, kubadilisha moja kwa moja kutoka kila moja hadi nyingine ni vipande 30 vya programu. Ukipitia umbo la kati ni vipande 11.

Kwenye umbo hilo la kati, tenganisha pia tupu na sifuri. Sifuri ni jibu: siku hiyo hakuleta kahawa. Tupu ni swali: hakuna aliyeandika. Kisomaji kinachogeuza kila tupu kuwa sifuri kinamjibia karani ambaye hakuulizwa.

Kiandishi kiseme kinachopoteza. Rudi kwa soroveya na faili zake nne. Hiyo ni shapefile, na .shp peke yake ni mipaka ya mashamba tu. Majina na takwimu za kila shamba ziko ndani ya .dbf. Akikutumia .shp bila ndugu zake, umepata mashamba yasiyo na wenyewe. Tena majina ya safu humo hayazidi herufi 10. Safu ya mavuno_kahawa_2023 na ya mavuno_kahawa_2024 zote zinakatwa zikawa mavuno_kah, na programu inalazimika kubuni jina jingine kwa mojawapo. Miaka miwili imekuwa mapacha. Kiandishi kizuri humwonya mtu kabla ya kuandika, na si baada ya ramani kutumwa kaunti.

Usisajili kila kitu. Python ina fomati iitwayo pickle ambayo ikisomwa inaweza kuendesha maagizo yaliyofichwa ndani yake. Kwa faili zako za majaribio, sawa. Kwa faili iliyotoka kwa mtu usiyemjua, hapana. Rejista ni mlango, na mlango si lazima ufungukie kila anayebisha.

Hifadhi faili ya awali. Usiihariri, usiipe jina jipya. Iweke kando, na karibu nayo uandike ni kisomaji kipi kiliisoma, toleo gani, siku gani. Ukigundua mwakani kwamba kisomaji chako kilikuwa kikigeuza tarehe, utazisoma upya faili zote na kuwarudishia watu kilo zao. Kama uliitupa, umebaki kuomba msamaha.

Majina yapo tayari, usibuni yako

Ukifika mahali pa kuipa kila fomati jina, usijitungie "excel_mpya2." Dunia ina rejista zake. IANA hutunza orodha ya aina za data zinazosafirishwa kwenye intaneti. CSV humo ni text/csv, na maelezo yake yalichapishwa Oktoba 2005 katika RFC 4180. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza ina PRONOM, ambayo huipa kila fomati nambari ya utambulisho, na hutoa programu ya bure iitwayo DROID ya kutambua faili. Ukitumia majina hayo, kijana atakayerithi kazi yako hatahitaji kukupigia simu kukuuliza ulimaanisha nini.

Kisha kuna sheria. Majina, simu na nambari za vitambulisho vya wakulima ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 38 kinampa mtu haki ya kupewa data yake kwa muundo uliopangika, unaotumika sana na unaosomeka na mashine. Yaani mkulima wa Nkubu akihama chama na kuitaka rekodi yake, picha ya skrini haitoshi. Mfumo wenye kiandishi cha CSV unamjibu kwa dakika moja. Mfumo usio na kiandishi umeifunga data ya watu ndani, hata kama hukukusudia.

Hilo ndilo vyama vingi huwa havifikirii wakati wa kukuajiri. Wanafikiria kuingiza data tu. Wewe fikiria pia kuitoa, kwa sababu ipo siku utapata kazi Nairobi, ama ng'ambo, na utaondoka. Kama rekodi zinasomeka na programu yako peke yake, utakuwa umeondoka na daftari la kiwanda mfukoni.

Fanya hivi jioni ya leo

Usianze na fomati kumi. Anza na mbili, CSV na .xlsx. Kabla ya kuandika kisomaji chochote, tengeneza faili ndogo ya majaribio yenye mistari mitano ya kuudhi. Weka jina Njĩrũ. Weka nambari ya mwanachama 0457. Weka tarehe ya Oktoba 9 na nyingine ya Oktoba 25. Weka kilo tupu kwa mmoja na kilo sifuri kwa mwingine. Weka jina lenye koma katikati, kwa sababu CSV hutenganisha safu kwa koma na hapo ndipo visomaji vya haraka haraka huanguka.

Sasa ipitishe safari ya kwenda na kurudi. Soma CSV, andika .xlsx, soma .xlsx hiyo, andika CSV tena. Linganisha data ya mwanzo na ya mwisho, seli kwa seli. Kila fomati mpya utakayosajili lazima ipite safari hiyo ndipo iingie kwenye rejista. Isiyopita ibaki nje mpaka urekebishe.

Na siku ya kuonana na mwenyekiti, kabla ya kutaja bei, muulize maswali matatu. Faili zenu zinatoka wapi na kwa fomati gani? Nani anaweza kuniambia tarehe zimeandikwa kwa mtindo upi? Na mkitaka kuhamia mfumo mwingine miaka mitatu ijayo, mngependa data itoke vipi? Huenda akakuangalia kwa mshangao, kwamba kijana huyu amekuja na maswali badala ya kompyuta. Mweleze habari ya zile kilo 80 za Oktoba 9. Mtu aliyekaa kwenye mkutano wa wakulima siku ya malipo ataelewa haraka kuliko mhadhiri wako.

Faili yako ya mistari mitano ikirudi salama, mwambie alete ya kwanza.